Mafuta ya zeituni jikoni Mombasa: yametoka wapi, yanafaa nini, na wapi tunayamaliza bure

Mpishi_Kibokoni

Assalam aleikum, na hamjambo wadau wote.

Siku hizi nikiitwa kupika shughuli, iwe arusi Majengo au hitima Mji wa Kale, hakosi mtu wa kunivuta kando: "Mama, kila kitu tupikie kwa mafuta ya zeituni, daktari amesema." Nauliza, na mahamri? "Na mahamri." Na pilau? "Na pilau." Mwisho hesabu ya mafuta inakimbizana na hesabu ya mbuzi, na mwenye shughuli ananikodolea macho mimi.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tubishane vizuri. Mafuta ya zeituni ni mazuri, tena sana. Lakini faida yake inategemea umetoa nini jikoni ndipo yakaingia. Ukiyamimina juu ya samli, juu ya mafuta magumu ya kopo, juu ya viazi vya kukaanga vya kila jioni, umeongeza mafuta tu, na bei.

Tuanze na asili. Mzeituni ulianza kupandwa na watu nchi za Sham, mashariki mwa Bahari ya Mediterania, miaka kama 6,000 iliyopita au zaidi. Pwani ya Karmeli yamefukuliwa mashimo yenye kokwa za zeituni zilizopondwa, mabaki ya watu waliokuwa wakishindika mafuta kabla hawajajua chuma. Kutoka hapo ukaenea Krete, Ugiriki, Afrika Kaskazini, hadi Hispania. Athens walipofanya michezo yao ya Panathenaia, mshindi alipewa mitungi ya mafuta ya zeituni, upande mmoja imechorwa mungu wao Athena, upande wa pili mchezo wenyewe. Na Solon, mtunga sheria wao wa karne ya 6 kabla ya Kristo, anasimuliwa kuwa alizuia mazao ya shamba kuuzwa nje, akaruhusu mafuta haya peke yake.

Warumi ndio walioyageuza kuwa bidhaa ya meli. Roma mpaka leo kuna kilima kinaitwa Monte Testaccio, kimo chake kama mita 35, na hakina udongo wa kusema udongo. Ni vigae vya mitungi ya mafuta, mingi ya kutoka kusini mwa Hispania, mingine Afrika Kaskazini. Mtungi ukishanywa mafuta hausafishiki ukatumika tena, kwa hiyo waliivunja, wakapanga vigae kwa safu, wakanyunyiza chokaa kuua harufu. Mnaokumbuka jaa la Kibarani lilivyokuwa, basi ni hilo, ila la mitungi ya mafuta matupu.

Na huku kwetu? Ule mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, unataja Adulis, bandari iliyokuwa Eritrea ya leo, kwamba ilipokea mafuta ya zeituni, ila si mengi. Ukishuka mpaka pwani ya Somalia unataja samli na mafuta ya simsim yakija kutoka India. Nikisoma hapo nacheka, maana karibu miaka 2,000 baadaye kabati la bibi yangu lilikuwa vilevile: samli, simsim, na mafuta ya nazi. Lamu na Unguja simsim ilishindikwa kwa kinu kinachozungushwa na ngamia. Karne ya 19 wafanyabiashara Wafaransa walikuja pwani hii kununua simsim kuipeleka Marseille, mji uliojenga jina lake kwa sabuni ya mafuta ya zeituni. Sisi ndio tuliokuwa tukiwauzia mafuta wao!

Zeituni nyumbani kwetu yalikuwa ya chupa ndogo kabatini. Mtoto anapakwa, bibi anakandwa magoti. Kuyaona kwenye sufuria ni jambo la juzi. Sasa semeni nanyi.

Baharia_Mstaafu

Waaleikum salaam mwanangu. Umesema vizuri, lakini Tunisia umeipita mbio.

Nimefanya kazi meli za mizigo, na Sfax nimetia nanga. Ukitoka mjini ni mizeituni mpaka macho yanachoka, na haikubanana. Kila mti na mwenzake wamepishana kama mita 24, kwa sababu mvua ni haba na kila mmoja unahitaji uwanja wake wa kunywa. Ukitazama safu hata ukikaa kimshazari zinanyooka.

Asubuhi yao ni mkate, kibakuli cha mafuta, na harisa, ile pilipili yao ya kusaga, pembeni. Unachovya. Mafuta yenyewe ya kijani, yananuka majani yaliyokatwa, na ukimeza yanawasha koo kama pilipili manga. Mwenyeji wangu akasema yakiwasha ndiyo mapya, yasiyowasha wanauziwa wageni.

Haya ya madukani hapa nimeonja mengi. Hayawashi hata kidogo.

Kijana_wa_Likoni

Wazee wangu shikamooni, ila mimi sikubali. Babu zetu walikula wali wa nazi, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka, kila siku ya Mungu, na wakafika miaka 90. Hawakujua zeituni. Leo Mzungu akitaka kuuza mafuta yake anatuambia nazi inaua. Kesho atatuambia ndimu inaua atuuzie siki.

Nesi_Tudor

Kijana wa Likoni, hakuna aliyesema nazi inaua. Punguza moto kaka, tuzungumze.

Mafuta ya nazi, yale yaliyokwisha kutengwa, zaidi ya asilimia 80 yake ni aina ile inayoganda, na aina hiyo hupandisha kolestroli mbaya kwenye damu. Zeituni ni kama asilimia 14 tu ya aina hiyo. Sehemu yake kubwa, kati ya asilimia 55 na 83 kufuatana na aina ya zao, ni asidi ya oleiki, ambayo ikichukua nafasi ya mafuta ya kuganda hushusha ile kolestroli. Hapo dada mpishi kasema kweli: ikichukua nafasi.

Habari za afya zilivuma baada ya Ancel Keys, Mmarekani aliyeanza mwaka 1958 kulinganisha watu wa nchi saba. Wanaume wa Krete walikuwa wakila mafuta mengi, karibu yote ya zeituni, na maradhi ya moyo kwao yalikuwa machache ajabu. Ila hao walikuwa wakulima, wanatembea mlimani, wanakula mboga na kunde, nyama kwa nadra. Huwezi kuchukua chupa yao ukaacha miguu yao.

Jaribio kubwa lilifanyika Hispania, linaitwa PREDIMED. Watu zaidi ya 7,400, wa umri wa miaka 55 hadi 80, wote wenye kisukari au vihatarishi vingine vya moyo. Kundi moja walipewa lita moja ya zeituni kila wiki kwa nyumba, bure. Kundi la pili njugu za jamii ya lozi. La tatu ushauri wa kupunguza mafuta. Mwaka 2013 matokeo yakatoka: makundi yale mawili yalipata mishtuko ya moyo na viharusi pungufu kwa kiasi cha asilimia 30, hasa viharusi. Kisha ikagundulika kuwa sehemu nyingine watu hawakugawanywa kwa bahati nasibu kama inavyotakiwa, ripoti ikaondolewa, hesabu zikafanywa upya, ikachapishwa tena 2018. Matokeo yalibaki karibu yaleyale, ila kwa lugha ya tahadhari zaidi. Wauzaji hukupa asilimia 30 wakanyamaza hayo mengine.

Mwaka huohuo wa 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu wenye mafuta yenye oleiki nyingi waandike kwenye chupa kwamba kijiko kikubwa kimoja na nusu kwa siku, gramu 20 hivi, *huenda* kikapunguza hatari ya maradhi ya moyo, kikitumika badala ya mafuta ya kuganda, bila kuongeza kalori. Someni hiyo "badala" mara mbili. Kijiko kimoja kikubwa ni kalori kama 120, sawa na mafuta mengine yoyote.

Mzee Baharia, hilo la kuwasha koo lina sababu. Kuna kitu kinaitwa oleokanthali. Mwaka 2005 wanasayansi walionyesha kwamba kinazuia uvimbe kwa njia ileile ya ibuprofeni, dawa ya maumivu. Kiasi kilichomo kwenye vijiko vichache hakifiki kidonge, kwa hiyo msitupe dawa zenu. Lakini ni kweli, yakiwasha ni dalili kwamba polifenoli, zile kemikali za asili za tunda lenyewe, bado zimo.

Kijana_wa_Likoni

Nesi nimekusoma. Bado hujanijibu la babu.

Mpishi_Kibokoni

La babu nitajibu mimi, maana ni la jikoni.

Babu hakula mafuta ya nazi, alikula tui. Nazi moja inakunwa kwenye mbuzi, inakamuliwa kwenye kifumbu, tui zito kando, tui jepesi kando, na ile sufuria inagawiwa watu wanane. Na alikwenda shamba kwa miguu, akala samaki, mchicha na muhogo wa kuchemsha. Vya kukaanga vilikuwa vya Ramadhani na Idi. Sisi tui tunalo palepale, halafu asubuhi mahamri, saa nne sambusa, jioni viazi karai na bhajia, usiku kuku wa mafuta. Tui la babu halina kesi. Kesi ni karai.

Kwa hiyo wali wa nazi, mbaazi, samaki wa kupaka, mimi sigusi. Anayeniambia nitoe tui kwenye samaki wa kupaka nitie zeituni atafute mpishi mwingine.

Kijana_wa_Likoni

Hapo tumeelewana mama yangu. 😂

Ustadh_Mwembe_Tayari

Bismillahi. Mti huu kwetu si mgeni hata kama mafuta yake yalikuwa haba. Mwenyezi Mungu kauapia, "Wat-tini waz-zaituni". Katika Surat An-Nur aya ya 35 umetajwa mti uliobarikiwa, si wa mashariki wala wa magharibi, mafuta yake yakaribia kung'aa ingawa moto haujayagusa. Na Al-Muuminun aya ya 20 umetajwa mti utokao mlima Sinai, utoao mafuta na kitoweo kwa walao. Ipo na hadithi katika Tirmidhi na Ibn Majah: kuleni mafuta ya zeituni na mjipake, kwani yatoka katika mti uliobarikiwa.

Angalieni mpangilio: kula kumetangulia. Sisi hapa Mombasa tumeshika kujipaka.

Lakini baraka isigeuzwe biashara ya kutisha watu. Wapo wanaouza chupa ndogo, wameisomea, kwa bei ya mfuko wa mchele, na mgonjwa anaambiwa aache dawa ya presha. Hilo dini haikusema.

Mama_Viazi_Karai

Jamani mimi nauza viazi na bhajia, nataka kujua jambo moja. Nimeambiwa zeituni yakipata moto yanageuka sumu. Ni kweli? Na kama si kweli, niyatumie kwenye karai?

Mpishi_Kibokoni

Mamangu, si kweli, na usiyatumie.

Mafuta ya zeituni ya kushindikwa huanza kufuka moshi kwenye nyuzijoto 190 hadi 210 hivi, yaliyosafishwa kiwandani hupita hapo. Bhajia na viazi hukaangwa kwenye 170 hadi 190. Yanastahimili. Tena hiyo oleiki haivunjiki upesi kwa moto kama mafuta ya alizeti ya kawaida au ya soya. Kinachopungua ni harufu na polifenoli, yaani kile hasa ulicholipia. Kukaanga bhajia za biashara kwa mafuta hayo ni kufua kwa manukato.

Na moto wa karai hupimwi kwa kitabu. Chukua tone la uji wa unga wako, ule wa bizari na ndimu, liangushe. Likizama na kukaa chini, bado. Likizama kidogo kisha likapanda na povu dogodogo pembeni, tia viazi. Likigeuka kahawia papo hapo, punguza makaa, maana nje vitaungua na ndani baridi.

Linaloumiza watu ni mafuta ya kurudiwa. Unayaona: meusi, mazito, yanatoa povu la kukaa, na yanafuka moshi kabla hujatia kitu. Halafu mtu anaongeza mapya juu yake akidhani amesafisha. Mapya yanaharibika pamoja nayo siku hiyohiyo. Ukimaliza kukaanga acha yapoe, chuja unga wote, weka penye kiza, na ukiona rangi na harufu zimebadilika, mwaga. Najua mwaga si neno la mfanyabiashara. Lakini wateja wako ni watoto wa madrasa.

Mama_Viazi_Karai

Ahsante dada. Nachuja kwa kitambaa, nadhani niko salama. La kumwaga tutazungumza na mume wangu 😅

Ajenti_wa_Forodha

Nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, makaratasi ya haya mafuta nayaona. Niseme kuhusu lebo, maana hapo ndipo watu wanapigwa.

"Extra virgin" ni maji ya zeituni lenyewe, yametolewa kwa mashine tu, bila kemikali wala moto wa kuyapika, na asidi yake haizidi asilimia 0.8. "Virgin" peke yake inaruhusiwa kufika 2. Hizo mbili ndizo zenye ladha na polifenoli za kusemwa.

Chupa iliyoandikwa "olive oil" tu, au "pure", ni mafuta yaliyosafishwa kiwandani, yakachanganywa na kidogo ya yale ya kwanza yapate rangi na harufu. Hayana ubaya, oleiki yake ipo, ila hayo mengine Nesi aliyoyataja yamepungua sana. "Light" haimaanishi kalori chache! Ni wepesi wa rangi na ladha tu. Mtu anayepunguza mwili ananunua hiyo akidhani kapata dawa.

"Pomace" ni makapi. Zeituni zikishakamuliwa, mabaki yanaoshwa kwa kemikali ya kuyeyusha mafuta, kinachotoka kinasafishwa, kinachanganywa. Ni halali, inauzwa wazi, lakini wengi hapa wananunua dumu la pomace wakisimulia baraka za extra virgin. Vigezo vyote hivi vinasimamiwa na Baraza la Kimataifa la Zeituni, lililoanzishwa 1959, makao yake Madrid, pamoja na sheria za nchi zenyewe.

Udanganyifu nao ni wa zamani. Mwaka 1981 huko Hispania watu waliuziwa mafuta ya kanola ya viwandani, yaliyokuwa yametiwa anilini, kemikali isiyoliwa, kama mafuta ya kula, mengine yakiitwa ya zeituni. Watu kama 20,000 waliugua, mamia wakafa. Ndiyo maana mtu akikuuzia zeituni ndani ya chupa ya maji isiyo na lebo, hata kama anaapa kayaleta kutoka Umra, mwache.

Bei pia nieleze. Hispania ndiyo inayozalisha kuliko nchi zote. Ukame ukaipiga, mavuno ya 2022/23 yakashuka chini ya nusu ya msimu uliotangulia, na mwaka uliofuata hayakuwa mazuri pia. Mwanzoni mwa 2024 bei ya dunia ilipanda kuliko ilivyowahi kuonekana, kisha mvua zikarudi ikateremka. Huku kwetu ikipanda inapanda siku hiyohiyo, ikishuka tunaambiwa meli bado iko njiani.

Bint_Nyali

Basi mimi niongeze. Nilinunua duka moja kubwa, chupa nzuri ya kioo cheupe, ilikuwa rafu ya juu karibu na dirisha, jua la mchana linapiga moja kwa moja. Kufungua nyumbani, harufu ya njugu zilizovunda, ile ya kukaa kwenye kaakaa. Tarehe yake bado mwaka mzima. Kurudisha wakaniambia "zeituni ndivyo yanavyonuka dada". Nilibaki na chupa yangu.

Ajenti_wa_Forodha

Pole. Tarehe ya mwisho haikusaidii kama rafu ni jiko. Mwanga, joto na hewa ndivyo vinavyoyamaliza. Chagua chupa ya rangi nzito au mkebe, chukua ya nyuma kwenye rafu, na kama lebo ina tarehe ya kuvuna, fuata hiyo. Mavuno ya kaskazini ni Oktoba hadi Januari hivi.

Na nunua chupa ndogo. Mombasa mwezi wa pili na wa tatu nyumba inawaka hata usiku, dumu la lita tano likifunguliwa halifiki mwisho likiwa zima, labda kwa familia kubwa. Weka kabatini mbali na jiko, funga kifuniko kila mara. Ile ya kupima kwa friji, eti yakiganda ndiyo halisi, haina maana. Mengine halisi hayagandi vizuri, na yaliyochanganywa huganda.

Mkazi_wa_Bamburi

Swali la haraka: ile chupa ndogo ya zeituni ya duka la dawa naweza kupikia? Nimeona ni rahisi.

Nesi_Tudor

Kama haikuandikwa kuwa ni ya kula, usipikie. Hiyo imetengenezwa na kuuzwa kwa ngozi na nywele, haifuati vigezo vya chakula.

Na kwa kuwa imetajwa: kina mama, tuwe na kiasi kuwapaka watoto wachanga. Tafiti za ngozi zimeonyesha mafuta ya zeituni yanaweza kudhoofisha ule utando wa juu unaozuia maji kutoka, hasa mtoto mwenye ukurutu. Na sikio linalotoa usaha halitiwi mafuta yoyote, linapelekwa kliniki. Najua bibi wote wa Mombasa wamenikasirikia.

Mtu_wa_Nyahururu

Nimehamia Mombasa kikazi, naomba kuchangia. Mbona mnasema kama mti huu haupo Kenya? Kwetu bara mzeituni mwitu umejaa. Wakikuyu tunauita mutamaiyo, Wamaasai oloirien. Mbao yake ngumu, kuni zake hazina moshi mwingi, na Wamaasai husafishia vibuyu vya maziwa kwa vijinga vyake, maziwa yanapata harufu nzuri. Kwa nini hatukamui mafuta?

Mpishi_Kibokoni

Karibu Mombasa kaka. Huo ni ndugu wa damu wa ule wa Mediterania, wanasayansi wanauweka kabila moja, tofauti ni tawi. Ila tunda lake ni dogo, kokwa kubwa nyama kiduchu. Ule wa mafuta ulichaguliwa na wakulima kwa maelfu ya miaka mpaka tunda likanenepa. Na unataka majira ya baridi ya kweli ndipo utoe maua. Huku pwani utaota, utapendeza, utakupa kivuli. Tunda ulisahau.

Baharia_Mstaafu

Basi turudi jikoni, tumekwenda mbali. Mpishi, mimi daktari kaniambia nipunguze samli. Nakaa peke yangu, natengeneza samaki. Niambie nifanyeje.

Mpishi_Kibokoni

Mzee wangu, hapo ndipo mafuta haya yanapong'ara.

Chukua changu mzima, wa ukubwa wa sahani. Mtoe magamba, mchanje mbavuni mikato mitatu kila upande ifike mfupa. Ponda kitunguu saumu, pilipili mbichi na chumvi kwenye kinu, kamulia ndimu, tia vijiko viwili vikubwa vya zeituni, piga kwa uma mpaka ikawa nzito na yenye weupe. Nusu yake paka samaki, ingiza ndani ya mikato na tumboni, mwache wakati makaa yanashika. Moto usiwe wa ndimi, uwe makaa yenye majivu juu. Mweke, na usimguse mpaka ngozi iachie wavu wenyewe; ukimlazimisha kumgeuza mapema utamla vipande. Ponda ncha ya shina la mchaichai liwe kama brashi, endelea kumpakia ile nusu iliyobaki kwa hiyo. Akitoka motoni, mnyunyizie zeituni mabichi kijiko kimoja kidogo na ndimu. Samaki wa moto akikutana na mafuta mabichi, hiyo harufu jirani atabisha hodi.

Kando weka kachumbari. Hiyo pia inapenda kijiko cha zeituni, na si mapambo tu: nyanya na karoti zina rangi zake zenye faida ambazo mwili huzichukua vizuri zaidi pakiwa na mafuta. Bilingani la kuchoma, ulimenye, uliponde na kitunguu saumu na simsim kidogo, vilevile. Mchicha, maharage, dengu: kaangia kitunguu kwa kijiko kimoja badala ya samli, mwisho ongeza nusu kijiko ukishaepua.

Pilau na biriani nitakuwa mkweli. Kile kitunguu cha kukaanga cha biriani nakaanga kwa mafuta ya kawaida, na samli natia kijiko cha harufu juu wakati wa kufukiza. Zeituni hayaendani na zafarani na iliki kwa ulimi wangu. Wapo watakaobisha.

Bint_Nyali

Nabisha! Pilau ya zeituni nimekula, iko sawa kabisa.

Mpishi_Kibokoni

Ulikuwa na njaa.

Dada_Changamwe

Samahani nimechelewa kuingia, nimesoma uzi wote. Mimi na watoto wanne na mama mwenye kisukari. Nusu lita ya zeituni kwangu ni bei ya lita tatu nne za mafuta ya kawaida. Ramadhani inakuja. Nifanye nini mtu wa hali yangu?

Nesi_Tudor

Dada, zeituni si faradhi. Faida ya kubadilisha mafuta magumu kwa ya maji unaipata hata kwa alizeti, soya, au simsim yetu hii. Anza hapo: toa yale ya kopo yanayoganda. Baadhi yake yamekuwa na mafuta yaliyogeuzwa kiwandani, yale ambayo Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye chakula. Soma lebo. Kisha futari, chagua kimoja cha kukaanga kwa siku, si vitatu. Sambusa leo, kaimati kesho. Vingine vichemshwe: muhogo, viazi vitamu, mbaazi. Mama umpime sukari kama kawaida, na dawa zake asiache.

Mpishi_Kibokoni

Na ukipata chupa ndogo ya robo lita, mafuta yake yasiingie motoni kabisa. Yawe ya kachumbari na ya kumalizia maharage ya mama, kijiko baada ya kuepua. Yatakufikisha mbali kuliko unavyodhani. Ila wafiche watoto, wangu mmoja alichovyea mkate mpaka nikakuta chupa tupu.

Dada_Changamwe

Inshallah. Hiyo robo lita mnanunua wapi, Marikiti au nije mjini maduka makubwa?

Ajenti_wa_Forodha

Marikiti utapata viungo bora, mafuta haya nenda duka lenye mzunguko wa haraka, rafu isiyopigwa na jua. Angalia tarehe kwanza, bei baadaye. Na ukikuta imeshushwa sana, geuza chupa nyuma usome: mara nyingi ni pomace.